Kabla Taa Hazijawaka

Siku hizi, ukikata tiketi ya filamu ya zamani pale sinema ya mjini, unaketi kitini na kujikuta katika jioni ile ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Sharti ni moja: utoke kabla taa hazijawaka, kwani anayekutwa na taa hubaki hukohuko.

Bi Nyamizi aliipenda ile ya fundi aliyeunda mashine ya kurudi jana. Kila Jumamosi alijifunga khanga yake ya zambarau, akabeba karanga.

"Unaniacha tena?" mumewe, Mzee Msengi, alimtania.

"Nakufuata wewe, mzee wangu. Ulikuwa mtanashati, unamshangilia steringi mpaka sauti inakauka!"

"Na huyu wa leo?"

"Huyu wa leo apike wali."

Msengi akabaki akichambua mchele. Kila Jumamosi ujana wake uliongezeka kumbukumbu. Wiki iliyopita alimkumbuka ghafla bibi wa khanga ya zambarau, akimgawia karanga gizani. Leo, wali ukitokota, ikaja nyingine: yeye, kijana, akimnong'oneza, "Usiondoke, bibi. Mwisho ndio mtamu."

Mwiko ukamtoka mkononi. Alijikaza amkumbuke bibi akiinuka. Alikumbuka mashine ikimeta, ukumbi mzima ukipiga makofi. Kisha taa zikawaka, na bibi alikuwa bado kando yake, anatabasamu.

Msengi akapakua sahani mbili, akazifunika, akaketi kuutazama mlango.