Mshale wa Sitini

"Gari liliserereka lenyewe, shemeji. Breki ya mkono iliachia, mimi nilikuwa ndani ya nyumba," alisema Ngwali. Mkewe, Tatu, aliyebanwa ukutani na gari hilo, alikuwa amelazwa hospitali, miguu yote miwili imevunjika.

Zaituni, dada yake Tatu, alikuwa mwalimu wa fizikia. Aliinama kwenye gari lililobonyea ukutani, akaona mshale wa spidi umekwama kwenye sitini. Akautazama mteremko. Kutoka getini hadi ukutani hapakuzidi mita arobaini. Kwa kidole, juu ya vumbi la boneti, alikokotoa: kwa mteremko ule, gari lililoanza likiwa limesimama, likiongeza kasi kwa kiasi kilekile kila sekunde, lingeufikia ukuta kwa kasi ya kilomita thelathini na ushei kwa saa, si sitini. Alirudia hesabu akiomba awe amekosea, jibu likawa lilelile. Basi kuna mtu alikanyaga mafuta.

"Unaandika nini?" Ngwali aliuliza nyuma yake, ameshika chupa ya chai.

"Hesabu za shule tu." Alifuta vumbi kwa kiganja. "Umebeba nini?"

"Uji wa Tatu. Nimeupika mwenyewe."

Zaituni aliipokea chupa, akamimina kikombe, akamnyooshea. "Onja kwanza, shemeji."

Ngwali alikitazama kikombe kikitoa mvuke, asinyooshe mkono kukipokea.