Dau la Mgeni

Mgeni alikuwa amepanda dau tena.

Mpiga pasi aliiona bei ikibadilika kwenye simu. Akaiweka simu juu ya rundo la mashuka, akaichukua tena. Ilikuwa mara ya sita tangu asubuhi. Akiongeza elfu mbili, hazipiti dakika tano yule mtu aliyejiita Mgeni naye anaongeza elfu mbili. Wanunuzi wengine walikuwa wamekwisha kujitoa. Mnada ungefungwa kesho yake saa sita mchana.

"Kiti cha kinyozi," alisema mwenzake, akichungulia picha. "Kwenye chumba chako kile? Mlango wenyewe ukifunguka unagonga kitanda."

Mwenzake huyo kazini walimwita Chelewa, kwa sababu ambayo msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali aliijua kuliko mtu yeyote.

"Ni cha baba," alisema mpiga pasi.

Baba yao, yeye na kaka yake, alinyoa watu miaka thelathini kwenye kiti hicho. Mpiga pasi alikitambua mnadani kwa kiraka cha kwenye mkono wa kiti, ambacho mama yao alikishona kwa uzi wa kijani siku uzi mweusi ulipomwishia. Baada ya mazishi ya baba, mpiga pasi alirudi kazini. Mwezi mmoja baadaye alipokwenda dukani kwa baba, alikuta kuta zimepakwa rangi mpya na sakafuni matundu manne ya boliti. Kaka yake alikuwa ameuza kila kitu bila kumwambia. Yeye akasema ya kwake, kaka akasema ya kwake. Akaifuta namba ya kaka. Huu ulikuwa mwaka wa nne.

Hawakuwa na ndugu mwingine. Sasa simu yake ikilia ni msimamizi, au matangazo ya kampuni ya simu. Kazini, shuka hukunjwa na watu wawili, kila mmoja ameshika pembe zake. Nyumbani alikunja la kwake peke yake, pembe moja ameibana kwa kidevu.

"Hebu lete hiyo simu," alisema Chelewa.

Chelewa alikuwa amekwisha kuingizwa mjini. Alinunua televisheni mtandaoni, akalipa kabla ya kuiona, akaletewa boksi lenye vigae viwili vimefungwa vizuri kwa blanketi. Tangu hapo hakuna aliyemweza. Aliufungua ukurasa wa Mgeni, akatikisa kichwa.

"Akaunti ina siku tano. Hajawahi kununua hata kijiko. Na madau yake yote yapo kwenye kitu kimoja tu, hiki chako. Huyu mtu amepangwa na muuzaji, dada. Kazi yake kukupandishia bei. Ukishafika pabaya anakuachia mzigo wako."

"Labda na yeye anakitaka."

"Nani mwingine duniani anakitaka kiti chenye kiraka cha kijani?"

Waliandika malalamiko kwa wenye mnada, wakaambatisha picha za madau yote ya Mgeni, moja baada ya nyingine.

Asubuhi jibu lilikuja kabla hata chai haijapoa. Akaunti ya Mgeni imefungwa kwa kushukiwa utapeli, madau yake yamefutwa, bei imerudi chini. Saa sita mnada ukafungwa, kiti kikawa chake.

"Jumamosi ukienda kukichukua, usitume hata senti kabla hujakikalia," Chelewa alimwonya. "Kikalie kwa makalio yako mwenyewe."

Jumamosi alikodi mkokoteni, akaenda. Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye ghala la vitu vilivyotumika, meza juu ya meza, makabati yametazamana kama watu waliogombana. Kiti kilikuwa karibu na mlango. Mpiga pasi alikipapasa kiraka, akauvuta wenzo wa pembeni, akakaa. Kiti kililia ule mlio wake. Alifumba macho muda mrefu hata mwenye mkokoteni akakohoa.

Alilipa kwa njia ya mnada, kama alivyofundishwa. Kisha akashindwa kujizuia.

"Mama, samahani. Yule Mgeni ulikuwa unamlipa kiasi gani?"

Muuzaji alimtazama bila kukasirika.

"Nimlipe kwa lipi, binti yangu? Yule bwana hata simjui. Alipita hapa nje, akakiona kiti, akasimama kama aliyepigwa na jua. Nikamwambia kimeshaingia mnadani, siwezi kukitoa. Basi akafungua hiyo akaunti papo hapo, huku nimemwazima miwani yangu. Mtu mwenyewe simu haijui."

"Na mbona hakununua kitu kingine?"

"Hakutaka kingine. Kila asubuhi akitoka zamu ya usiku anakuja, anakaa hapo ulipokaa, kila bei ikipanda anaongeza dau lake, jioni anaondoka. Walipomfungia akaja kuniuliza utapeli wake ni upi."

Mpiga pasi alishuka kitini taratibu.

"Masikini, alikuwa na hakika atakipata," muuzaji aliendelea. "Mpaka mahali pa kukipeleka alikwisha kuandika, akabandika huku nyuma. Ngoja niutoe huo uchafu ubebe kitu chako."

Aliinama, akaibandua karatasi kwenye mgongo wa kiti, akampa bila kuisoma.

Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi: *Hospitali, chumba cha kufulia. Mkabidhi dada yangu anayepiga pasi. Tafadhali usimwambie kimetoka kwa nani.*