Vifungo Shingoni

Mumewe alimnyanyua kutoka kwenye kiti cha magurudumu, akamlaza kitandani taratibu kama anayeweka yai. Tangu gari limgonge akiwa kwenye baiskeli, akapooza miguu, Ragnhild hakuwa amekitia machoni kitanda hiki.

"Karibu nyumbani, mke wangu. Duveti yako sijaigusa, ilikuwa inakungoja wewe tu."

Duveti, yale mablanketi manene ya manyoya yanayovishwa kava la vifungo, zilikuwa mbili, yake na ya mumewe, kama kwenye kitanda chochote cha Aarhus, huku Denmark. Mtu hajifuniki ya mwenzake. Ragnhild akaivuta yake mpaka kidevuni.

Kitu kigumu, cha baridi, kikamgusa shingoni. Kifungo.

Akapapasa. Kingine. Na kingine. Vifungo vyote vya kava vilikuwa huku juu, na yeye tangu azaliwe huvilaza miguuni, kama mama yake alivyomfundisha.

Kwao ni mtu mmoja tu aliyelikataa somo hilo. Alikuwa akilia, toka utotoni, kwamba vifungo vikikaa chini vidole vyake vya miguu vinanasa kwenye upenyo wa kava.

Jikoni vikombe viligongana.

"Dada, kahawa yako niitilie maziwa?" Alikuwa mdogo wake wa kike, yule aliyemletea maua hospitali kila siku.

Mumewe alikuwa anafungua pazia, huku akipiga mluzi.

"Kahawa baadaye, mwaya," Ragnhild akajibu. "Njoo kwanza unigeuzie hii duveti, vifungo virudi chini. Vidole vyangu mimi havinasi tena."