Nino Ndani ya Ndevu

Nino Torrisi alijipachika ndevu nyeupe, akapenyeza mfuko wa barafu chini ya koti jekundu, kisha akajipulizia marashi kupita kiasi. Nje, mji wa Townsville, Australia, ulikuwa unaungua kwa jua la Desemba. Marashi yalikuwa ya kufunika harufu ya tumbaku yake, maana binti yake alikuwa na pua kali.

"Mzee, leo unaenda kuoa?" Noelene alimtania, huku akifunga kamera mbele ya kiti cha Baba Krismasi mle dukani.

"Nani atanitaka na tumbo hili?"

"Hilo tumbo ndilo linalokulisha, bwana. Usilichezee."

Noelene aliwahi kuwa keshia wa bucha, na kamera hiyo ya dijitali alifundishwa alasiri moja tu. Nino alikuwa amepiga watu picha kule mji wa Ingham karibu maisha yake yote: maharusi wa wakulima wa miwa, watoto wa komunyo ya kwanza, wazee waliotaka picha za kubandikwa kwenye makaburi yao. Filamu alizisafisha mwenyewe gizani, na kila negativu aliitunza. Dijitali ilipoingia, aliicheka. Ikamfungia studio.

Studio isingemuuma sana. Kilichomuuma ni Rosalba. Binti yake huyo wa pekee alipoolewa, alimkodi kijana mwenye kamera ya dijitali ili baba yake apumzike, aketi mbele kama baba wa bibi harusi. Nino akaona ametukanwa, akasusa. Siku ya harusi alishinda amejifungia studio, akipangusa lenzi ambazo hazikuwa na vumbi, na tangu hapo hawajasemezana. Ulikuwa ujinga mtupu, na alijua ni ujinga, ila hakujua pa kuanzia kurudi.

Kisha Krismasi iliyopita, kazi hii ya uzeeni ikiwa bado ngeni kwake, Rosalba alitokea kwenye foleni akiwa amemshika mkono mtoto wa kike. Nino nusura aanguke kitini. Alimpakata mjukuu ambaye hakuwahi kumwona, akabana sauti, mambo yakapita. Mwaka mzima aliishi kwa dakika zile. Ombi lake sasa lilikuwa moja tu: Rosalba asimtambue. Akimtambua, mtoto hataletwa tena.

"Yule mama wa Ingham kaja tena," Noelene alinong'ona. "Safari yote ile! Kwani kwao hakuna Baba Krismasi?"

"Labda wa kwao mwembamba," Nino alijibu, akizibana ndevu zake vizuri.

Rosalba alisimama kando, macho kwenye simu. Hakumtazama mzee hata mara moja. Ilimfaa Nino, na ilimuuma vilevile.

Mtoto, jina lake Lia, alimpanda mapajani.

"Mama amenikataza kuvuta ndevu zako."

"Mama yako ana adabu," Nino alinguruma kwa sauti isiyo yake. "Haya, nikuletee nini?"

"Baiskeli. Na wewe nani anakuletea?"

"Mimi? Mimi kazi yangu kuleta tu."

"Sasa Krismasi unakula na nani?"

Nino alimtazama mtoto, kidevu chenye kishimo kama cha marehemu mkewe, na taa ya duka iliyomkaa vibaya shavuni. Ingekuwa studio kwake, angeivuta taa ile kushoto kidogo. Macho yakamjaa machozi.

"Cheka, mrembo!" Noelene aliita, akabofya, akabofya tena, na tena. Alipobofya mara ya mwisho Lia alikuwa amegeuka kumkagua mzee usoni, kamera akaipa kisogo.

Basi, ikawa imekwisha. Mtoto akateremka. Kwenye meza ya malipo, hatua chache kutoka kitini, Noelene alipanga picha kwenye skrini. Nino aliinama, akijifanya anarekebisha mkanda, huku ametega sikio. Picha ambayo mteja hakuichagua hufutwa papo hapo, na Nino hapati hata ya kutazama. Enzi zake hakuna sura iliyotupwa.

"Hizi tatu ni nzuri sana, meno yote nje," alisema Noelene. "Hii ya mwisho imeharibika. Naifuta."

"Usifute," alisema Rosalba. "Nachukua hiyo. Hiyo peke yake, kubwa, ya kuweka kwenye fremu."

"Hii? Mpenzi wangu, hapa mtoto haonekani! Anaonekana huyu mzee tu, tena kama analia."

Rosalba alitumbukiza simu mkobani.

"Mtoto ninaye nyumbani," alisema.