Muntu ao Nyama

Jiwe la kwanza lilimpata Donat sikioni. La pili likampasua mdomo, akaanguka kwa magoti mbele ya lango la shule, gunia lake bado mkononi.

"Mifupa ya mutoto!" muuza karanga alipiga kelele. "Mi niliona vidole!"

Donat alikuwa mwalimu wa biolojia hapo mtaani Kampemba. Asubuhi hiyo gunia lilimponyoka langoni, na mkono mzima wa mifupa ukachomoza, umeunganishwa kwa waya, vidole vimeachana kama vinaomba kitu.

"Ni nyama!" alilia. "Bamama, ni nyama tu!"

Heri angenyamaza. Katika mji huu neno hilo ni la mnyama anayekimbia porini, na ni la kile kinachochemka chunguni.

"Munasikia? Anasema ni nyama! Njo huyu anakulaka batoto!"

Wakamvamia. Mmoja alimkanyaga mbavu, zikalia kama kuni kavu. Kijana mmoja alikuja akibingirisha tairi, na nyuma yake mwingine na chupa ya petroli. Hakuna aliyeuliza tena swali. Tangu mvua zilizopita mtaa mzima ulikuwa ukimtafuta Elisée, mtoto wa Mama Clotilde, na haukupata hata kiatu chake.

Mama Clotilde mwenyewe ndiye aliyeshika tofali.

"Elisée yangu iko wapi?" Akamtwanga nalo begani. "Sema! Iko wapi?"

"Mama, acha!"

Msichana mwenye sare alipenya katikati ya watu akajitupa kati ya tofali na kichwa cha mwalimu. Alikuwa Plamedie, binti yake Clotilde, dada yake Elisée. Darasani kwa Donat, yeye ndiye aliyekaa mbele kabisa.

"Wee, toka pale! Utaungua naye!"

"Mama, niache niangalie kwanza. Hii ni leçon yetu ya shule."

"Leçon gani? Bamuchome tu, kiberiti iko hapa!" alifoka mwenye petroli.

Mama Clotilde alihema kama mtu aliyepanda kilima. Hakushusha tofali, lakini alinyoosha mkono wa pili kuwazuia wenye tairi.

"Huyu anasomaka bile bintu bya mifupa," alisema. "Plamedie, sema mbele ya Mungu. Ni muntu ao ni nyama?"

Kelele zikashuka. Plamedie akautoa ule mkono wa mifupa ndani ya gunia. Juu ya mifupa kulikuwa kumefungwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, mahali pa misuli. Akavuta kimoja, vidole vikajikunja. Watu wakaruka nyuma. Akavuta kingine, vikafunguka.

"Musuli haisukumake, inavutaka tu," alisema. "Moja inakunja, ingine inanyosha. Hata mbuzi iko vile. Siku ile Prof alikata mushipa nyuma ya kisigino ya mbuzi, muguu ikakufa palepale."

"Hatukukuuliza mbuzi, sisi!"

Akapitisha kidole gumba juu ya mfupa, polepole, kutoka kiwiko kwenda chini. Katikati ya njia kidole kikasimama. Akamtazama mama yake. Akamtazama mwalimu chini, damu ikimtoka puani. Kidole hakikuondoka pale.

"Sema, mutoto!"

"Ni nyani," alisema Plamedie. "Muangalie kidole gumba, iko fupi. Ni nyani ya pori, mama. Haiko muntu."

Tofali likaanguka. Mama Clotilde alikaa kwenye vumbi, akacheka, akalia, akacheka tena.

"Mungu asante. Basi Elisée yangu angali anatembea. Kilio sikalishe, matanga hakuna, mi nilibaambia!"

Kijana wa tairi aliwatukana nyani wote wa Katanga, akaondoka akibingirisha mali yake.

"Prof," mwenye petroli alimwambia kwa kicheko, "siku ingine ulete kuku!"

Plamedie alimshika mwalimu kwapani, gunia begani, akamkokota hadi darasani. Wenzake wa darasa aliwatuma wakatafute maji na dawa. Akafunga mlango kwa komeo.

Alimlaza Donat sakafuni, akampangusa damu kwa kitambaa cha ubao. Mwalimu hakuweza kuketi wala kugeuka, mbavu zilimkatalia. Plamedie akamvua viatu taratibu, halafu soksi.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Donat kwa mdomo uliovimba. Akamchungulia kwa jicho moja. "Uliona vizuri ni nyani, ee?"

"Niliona vizuri, Prof."

Mezani kulikuwa na kisu kile cha somo la mbuzi. Plamedie alikichukua, akapiga magoti, akayaweka makali yake nyuma ya kisigino cha mwalimu, palepale alipowafundisha.

"Hii mufupa ya mu gunia ilivunjikia ku muti ya avoka," alisema. "Mama aliifunga na bibao, ikabakisha fundo. Ile mingine ya Elisée, uliitia wapi?"