Vishungi Kwenye Uzi wa Upinde

Papa Gires alipiga chafya ya kutikisa majani, lakini kulungu hakugeuza hata sikio.

"Mungu ni mwema," mzee alinong'ona, akijifuta pua kwa kiganja. "Wanyama wa Ulaya wamezoea makelele."

Binti yake Plamedie alikuwa amechuchumaa nyuma, magoti kwenye matope. Mbele yake walikaa wanaume wawili waliovaa rangi za majani, kama vichaka viwili vilivyokosana: baba yake, na Pacifique, kijana wa Ilford aliyetaka kumwoa. Mbali kidogo, kati ya miti, kulungu alisimama ameinua kichwa, mzuri wa kuumiza moyo.

"Toa hayo manyoya," Papa Gires alisema.

Alimaanisha vishungi viwili vya manyoya ambavyo Pacifique alikuwa amefunga kwenye uzi wa upinde, kimoja juu na kimoja chini, ili uzi usilie unapoachiwa. Ugomvi huo ulianzia garini, wakitoka nyumbani Walthamstow, na ulikuwa haujapoa.

"Yanaiba mbio za mshale," mzee aliendelea. "Uzi unabeba mzigo, mshale unaambulia mabaki. Unataka kumpiga mnyama au kumbembeleza?"

"Papa, nimepima kwa mashine. Kinachopotea ni futi mbili tatu tu kwa sekunde. Hata Papa mwenyewe ukisimama pale, hutaona tofauti."

"Nisimame wapi?"

"Ni mfano, Papa."

"Tafuta mfano mwingine."

Pacifique aligusa uzi. "Sauti inakimbia kuliko mshale. Uzi ukilia, mnyama anasikia kwanza, anainama, mshale unapita juu. Afadhali tupunguze mbio kidogo, asijue kitu."

"Kwetu tuliwinda bila manyoya."

"Papa, kule kwetu Bukavu ulikuwa mwalimu wa hesabu," Plamedie alisema polepole.

"Na mwalimu hali nyama?"

Kanisani kwao kila mtu alijua habari za uwindaji wa Papa Gires. Siku za kazi alisafisha ofisi za watu. Jumapili, chai ikishamiminwa, aligeuka simba. Alisimulia alivyonusa upepo, alivyotambaa kwa tumbo, alivyomtazama mnyama jicho kwa jicho. Hakuna aliyewahi kuonja hata mnofu. "Nyama tunawaachia wenye msitu," alieleza. "Ndiyo sheria ya hapa." Na akina mama waliitikia kwa vichwa kwa heshima, wakamwongezea maandazi.

Hakuwahi kumkaribisha mtu, mpaka alipokuja Pacifique kuomba binti. Mkwe lazima apimwe, mzee alisema. Mshale mmoja. Akipata, Jumapili awalete wazee wake kwa ajili ya posa. Akikosa, akatafute mke kwa watu wanaocheza drafti. Mzee na Pacifique walikuja kwanza peke yao, kukagua msitu, na tangu siku hiyo Pacifique alikuwa hataki kuulizwa lolote.

Leo Plamedie alikuwa amelazimisha kuja. Sasa alijuta. Alikuwa mtu wa kumtoa buibui nje kwa glasi, akimwomba radhi. Alimpenda Pacifique, kwa hiyo aliomba apate. Alimtazama yule kulungu, akaomba akose. Ndege mmoja alitua mgongoni mwa mnyama, akadonoa mara kadhaa, akaruka bila kufukuzwa. Hata ndege wanamwamini, Plamedie aliwaza.

Pacifique alivuta uzi mpaka shavuni.

Angeweza kupiga kelele. Kelele moja tu, mnyama angekimbia, na harusi ingekimbia naye.

Uzi haukulia. Ulinong'ona tu, kama mtu anayefunga mlango ili asimwamshe mtoto. Mshale ukazama nyuma kidogo ya bega.

Kulungu hakuanguka. Hakulia, hakurusha hata mguu. Alibaki amesimama, mshale ubavuni, akiwatazama kwa uvumilivu ambao Plamedie hakuwahi kuuona hata kanisani.

"Haya," Papa Gires alisema, akijikung'uta matope. "Jumapili walete wazee wako. Habari ya manyoya tutaizungumza siku nyingine."

"Jumapili usilete mtu!"

Wanaume wote wawili waligeuka. Plamedie alikuwa amesimama, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Anateseka pale, ninyi mnapanga posa! Na wewe, Pacifique, umefunga manyoya ili hata asisikie kifo chake kinakuja. Mtu anayeua kimya kimya hivyo, mimi nitalalaje naye nyumba moja?"

"Chérie, mpenzi wangu, sikiliza…"

"Niambie basi. Jitetee."

Pacifique alifungua mdomo, akamtazama mzee. Mzee alitikisa kichwa kidogo sana, na macho yake, yale macho ya simba wa Jumapili, yalikuwa yakiomba. Kijana akafunga mdomo. Akainamisha kichwa kama mkwe mwenye adabu.

"Nilijua," Plamedie alisema. "Huna la kusema. Usinipigie simu tena."

Akaanza kuondoka. Hapo akatokea msichana wa Kiingereza mwenye koti la kijani, akipiga mluzi, akapita katikati yao moja kwa moja hadi kwa kulungu. Alimwekea goti mbavuni, akauchomoa mshale, akaufuta kwa suruali. Kisha akashika pembe kwa mikono miwili, akang'oa kichwa cha sponji, akamwaga maji ya mvua yaliyokuwa yametuama shingoni, akakipachika tena.

"Mmemaliza naye?" aliuliza. "Kuna watoto wa sherehe ya kuzaliwa, wanasubiri zamu yao ya kumlenga."