Siku Moja ya Macho ya Tunu

Siku hizi mtoto hapewi dawa kali kabla mama yake hajaonja madhara yake. Kwa hiyo asubuhi nilitiwa matone zahanati, nipate kwa siku moja macho ambayo vidonge vya chunusi vinaweza kumletea binti yangu Tunu. Huenda yakampata, huenda yasimpate.

"Mama, yanauma?" Tunu aliuliza huku akirukaruka.

"Makavu kama yana mchanga. Lakini tazama, nimekata vitunguu vyote hivi na sitoi chozi! Mama ntilie wataigombania dawa hii."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nilifurahi kweli. Miaka miwili mwanangu amejificha nyuma ya mtandio, na sasa tiba hii hapa.

Magharibi ilipoingia, ua wote ukanipotea machoni, ingawa Tunu alikuwa bado anauona. Nikawaza jinsi Tunu anavyorudi peke yake kila siku kutoka masomo ya jioni, akivuka barabara kuu, na macho kama haya.

"Mama, muda wa kuikubali dawa unakwisha!" Tunu alisema kando yangu. "Weka dole gumba hapa kwenye simu, zahanati wajue umeridhia."

"Hapa wapi?"

"Hapa, mama!"

Sikupaona. Tunu akanishika mkono, akalikandamiza yeye mwenyewe dole langu kwenye simu, kisha akapiga kigelegele.